Kifaa cha mgongo kwa kijana: ngozi inahisi nini, na kwa nini anayumba?

Maelezo haya ni kwa mama, baba, bibi, shangazi na kila mlezi mwenye kijana aliyepewa kifaa cha kuvaa kiwiliwilini kwa sababu mgongo wake umepinda kwa upande. Wengi huambiwa hospitalini kifaa kivaliwe saa ngapi, kisha hurudi nyumbani na maswali mengine: mbona ngozi ina alama nyekundu? Mbona anasema paja limekufa ganzi? Mbona anatembea kama mtu aliyebeba mzigo usioonekana, na akikivua anasema anaanguka?

Kwa kifupi

- Kifaa cha mgongo hakinyooshi mgongo moja kwa moja. Kazi yake ni kuuzuia usizidi kupinda wakati mtoto bado anakua.
- Kifaa hugusa na kubana ngozi mchana na usiku, kwa hiyo hubadilisha kile ambacho mwili unahisi. Mengi ya mabadiliko hayo ni ya kawaida na hupungua baada ya siku au wiki chache.
- Kijana anaweza kuyumba siku za mwanzo, na tena kwa muda mfupi kila anapokivua.
- Ganzi isiyoisha, kidonda, miguu kukosa nguvu, au mkojo kutoka bila kujijua si mambo ya kuzoea. Yana hatua zake, na tumezieleza hapa chini.

Mgongo uliopinda kwa upande

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ukimtazama mtu kwa nyuma, pingili hizo zinatakiwa ziwe kwenye mstari ulionyooka. Kwa baadhi ya vijana mstari huo hupinda kushoto au kulia, na pingili zenyewe huzunguka kidogo. Ndiyo maana bega moja huwa juu, mfupa mmoja wa bega hutokeza, kiuno huonekana hakilingani, au gauni la shule huning'inia upande mmoja. Madaktari huita hali hii skoliosisi. Kibiongo ni kitu kingine: pale mgongo huinamia mbele.

Daktari hupima mpindo kwenye picha ya eksirei kwa nyuzi. Mpindo wa nyuzi 10 au zaidi ndio unaoitwa skoliosisi. Kati ya vijana 100, wawili au watatu huwa nao, na wengi wao mpindo ni mdogo na hauhitaji matibabu zaidi ya kufuatiliwa. Mipindo mikubwa huwapata zaidi wasichana.

Aina inayowapata vijana wengi, kati ya umri wa miaka 10 na 18, haina chanzo kimoja kinachojulikana. Huonekana zaidi katika baadhi ya familia. Haitokani na kubeba ndoo ya maji kichwani, wala begi la shule, wala kulala vibaya. Haitokani na jambo alilofanya mama akiwa mjamzito, wala si laana ya mtu. Ukiwa umebeba lawama hiyo moyoni, itue.

Unaweza kumkagua mtoto nyumbani. Avue nguo ya juu, asimame miguu pamoja, ainame mbele mikono ikining'inia na viganja vimekutana. Simama nyuma yake utazame mgongo ukiwa usawa wa macho yako. Upande mmoja wa mbavu au wa kiuno ukiwa umeinuka kuliko mwingine, mpeleke akapimwe. Mkague hasa katika kipindi anachorefuka haraka, kwa sababu ndipo mpindo huongezeka haraka pia. Kwa wasichana, kasi hiyo huwa kubwa kabla ya hedhi ya kwanza.

Kifaa hufanya kazi gani?

Kifaa kinachotumika sana ni ganda gumu la plastiki linalozunguka kiwiliwili, kutoka karibu na kwapa hadi kwenye nyonga, na hufungwa kwa mikanda. Ndani yake kuna pedi zinazosukuma sehemu iliyopinda. Upande wa pili huachwa nafasi ili mwili upate pa kusogea. Wataalamu wengi hukiita bresi.

Kwa kawaida kifaa hutolewa mpindo ukiwa kati ya nyuzi 25 na 40 na mtoto akiwa bado anakua. Mpindo ukifika nyuzi 45 hadi 50, madaktari huanza kuzungumzia upasuaji. Mtoto akishamaliza kukua, kifaa hakina tena kazi hiyo.

Je, kinasaidia kweli? Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kwa vijana 242. Kati ya waliovaa kifaa, asilimia 72 walimaliza kukua bila mpindo kufika nyuzi 50. Kati ya waliofuatiliwa bila kifaa, waliofanikiwa hivyo walikuwa asilimia 48. Na waliokivaa zaidi ya saa 13 kwa siku walifanikiwa kwa asilimia 90 na zaidi. Angalia pia upande wa pili wa hesabu hiyo: karibu nusu ya wasiovaa nao hawakufika huko. Kwa hiyo kifaa ni msaada mkubwa, lakini hakina uhakika wa asilimia mia, na saa za kuvaa ndizo zinazoleta tofauti.

Hapo ndipo hisia za mwili zinapoingia. Kijana anayeumia, anayeogopa ganzi au anayeona aibu ya kuyumba mbele ya wenzake, hukivua kifaa. Mama akielewa kinachoendelea, ataweza kutofautisha usumbufu wa kuzoea na tatizo la kupeleka hospitali, na kifaa kitavaliwa.

Mwili unajuaje kwamba umesimama wima?

Kusimama bila kuanguka ni kazi ambayo ubongo hufanya kila sekunde, ukipokea taarifa kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni macho. Ya pili ni sikio la ndani, lenye viungo vidogo vinavyohisi kichwa kikiinama au kugeuka. Ya tatu ni mwili wenyewe: ngozi ya nyayo inayohisi ardhi, na misuli na viungo vinavyoeleza kila sehemu ya mwili iko wapi.

Jaribu na mwanao jioni moja, akiwa hajavaa kifaa. Asimame karibu na ukuta, mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Afumbe macho. Utaona anayumba. Sasa aguse ukuta kwa ncha ya kidole kimoja tu, bila kuegemea. Kuyumba kutapungua mara moja. Kidole hakijamshikilia, kimeupa ubongo habari tu. Simama karibu naye wakati wote ili asianguke.

Jaribio hili linaonyesha kwamba mguso wa ngozi ni sehemu ya usawa wa mwili. Kifaa cha mgongo hugusa ngozi ya kiwiliwili chote kwa wakati mmoja. Kwa upande mmoja, mguso huo unaweza kumsaidia kijana ajue kiwiliwili chake kimekaaje: akianza kuinamia upande wa mpindo, pedi humkumbusha. Kwa upande mwingine, ganda gumu humzuia kujipinda na kujizungusha kiunoni, na kujipinda kidogo kidogo ndiyo njia mojawapo ambayo sote huitumia kujizuia tusianguke. Kifaa kimoja kinampa kitu na kumnyima kingine.

Kuna jambo jingine la kujua. Watafiti waliowapima vijana wenye skoliosisi wameona kwamba wengi wao huyumba zaidi kidogo kuliko wenzao hata kabla ya kuvaa kifaa chochote. Kwa hiyo si kila kuyumba kumeletwa na kifaa. Na walipowapima wakiwa wamekivaa, matokeo hayakufanana: baadhi ya tafiti ziliona kuyumba kumepungua, nyingine hazikuona tofauti, na nyingine ziliona kiwiliwili kimekuwa kigumu na hatua zimebadilika. Mtazame mwanao mwenyewe, badala ya kumlinganisha na mtoto wa jirani.

Ngozi chini ya kifaa

Unapovaa saa mkononi asubuhi, unaihisi. Baada ya dakika chache unaisahau. Ngozi ina vipokezi vya aina mbalimbali: vingine hutoa taarifa pale tu kitu kinapogusa au kutoka, vingine huendelea kutoa taarifa mguso ukiendelea, lakini hata hivyo hupunguza sauti polepole. Ubongo nao huacha kusikiliza habari isiyobadilika. Ndivyo inavyokuwa kwa kifaa: siku ya kwanza kijana hafikirii kitu kingine, na baada ya wiki mbili au tatu anaweza kukaa darasani bila kukikumbuka.

Kuzoea huko ni kuzuri, ila kuna hatari ndani yake. Kijana aliyezoea anaweza asihisi mapema kwamba sehemu fulani inabanwa mno. Ngozi iliyobanwa muda mrefu hukosa damu ya kutosha na inaweza kuchubuka au kutoa kidonda. Kwa sababu hiyo macho ya mlezi yanahitajika pale ambapo ngozi imeacha kulalamika.

Kagua ngozi kila siku kifaa kinapovuliwa, hasa wiki za mwanzo:

- Alama za pedi mahali zinaposukuma ni za kawaida. Zinatakiwa zififie ndani ya nusu saa hivi.
- Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Tafuta sehemu iliyokoza rangi, inayong'aa, yenye joto kuliko pembeni yake, au iliyo ngumu ukiigusa kwa vidole.
- Gusa pia kwa upole kwa kipande cha pamba, upande wa kushoto kisha wa kulia, mtoto akiwa amefumba macho. Muulize: unahisi? Pande zote zinalingana? Itachukua dakika mbili tu.
- Malengelenge, mchubuko au kidonda maana yake kifaa kisivaliwe juu ya sehemu hiyo hadi mtaalamu akione. Piga simu au nenda mapema, usingoje tarehe ya kliniki.

Chini ya kifaa avae fulana ya pamba inayobana mwili, isiyo na mshono mnene, iliyovutwa ikanyooka bila mikunjo. Mkunjo mdogo wa nguo ukibanwa saa nane huacha jeraha. Asipake mafuta wala losheni sehemu zinazofunikwa na kifaa, kwa kuwa ngozi iliyolainika huchubuka haraka.

Ganzi: ipi ni ya kuzoea, ipi si ya kuzoea?

Vijana wengi husema ngozi ya mgongo au ya tumbo inahisi "tofauti" kwa dakika chache baada ya kuvua. Wengine husema inawasha, au kama upepo unapita. Hali hiyo hutokea kwa sababu vipokezi vilivyokuwa vimebanwa vinaanza tena kupokea hewa na nguo. Hupita yenyewe.

Ganzi ya paja ni tofauti. Mbele ya nyonga, pale mfupa unapotokeza, hupita neva inayohisi ngozi ya upande wa nje wa paja. Ukingo wa kifaa ukiibana hapo, kijana atahisi ganzi, kuchomachoma au moto kwenye ngozi ya paja, ingawa mguu una nguvu zake zote na anatembea vizuri. Hali hii inajulikana na dawa yake ni rahisi: mtaalamu hupunguza ukingo au hubadilisha pedi. Ikiachwa miezi mingi, neva huchelewa kupona.

Ukingo wa juu nao ukimbana kwapani, mkono unaweza kufa ganzi. Kwanza hakikisha kifaa kimevaliwa sawasawa. Mara nyingi kimepanda juu kwa sababu mkanda wa chini umelegea. Kama kimekaa vizuri na ganzi inarudi kila siku, mrudishe kwa mtaalamu.

Usikate ukingo kwa kisu, usiukwangue kwa msasa, wala usiongeze sponji ndani. Pedi zimepangwa kusukuma mahali maalumu. Sponji ikiwekwa upande usio wake, kifaa kinaweza kusukuma kinyume cha kilichokusudiwa.

Zipo pia dalili ambazo hazikuletwa na kifaa. Mara chache, nyuma ya mgongo uliopinda kuna tatizo ndani ya uti wa mgongo wenyewe, kwa mfano uwazi uliojaa maji. Mtoto wa namna hiyo anaweza asihisi maumivu au joto sawasawa mikononi, akaungua bila kujua. Ndiyo maana daktari mwangalifu hupima hisia za ngozi, nguvu za miguu na mishtuko ya neva kabla ya kutoa kifaa. Kama hakufanya hivyo, muombe kwa heshima: "Daktari, naomba umpime na hisia kabla hajaanza kuvaa." Vipimo hivyo vikiandikwa mapema, itakuwa rahisi baadaye kujua kipi kimekuja na kifaa na kipi kilikuwepo.

Wiki za mwanzo nyumbani

Kwakoa iko tambarare, chini ya milima ya Upare, na joto lake si sawa na la Usangi au Ugweno. Ushauri ulioandikwa kwa nchi za baridi hautoshi hapa.

Kuhusu joto na jasho. Mtoto awe na fulana kadhaa za kubadilisha, abadilishe hata mara mbili au tatu kwa siku. Kifaa kifutwe ndani kila siku kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, kisha kikaushwe kivulini. Kisiachwe juani, juu ya bati, wala karibu na jiko, kwa kuwa plastiki hulainika na kupoteza umbo. Kabla ya kukivaa kikung'utwe, asije akajifungia siafu au mdudu mwingine.

Kuhusu moto. Ndani ya ganda ngozi haihisi joto la nje haraka. Kijana anayepika kwenye mafiga akiwa na kifaa hawezi kuinama na kurudi upesi kama zamani, na nguo inaweza kushika moto kabla hajahisi. Apike akiwa ameketi kwenye kigoda, khanga imefungwa vizuri, au mwingine apike wiki za mwanzo.

Kuhusu maji na mizigo. Anayebeba ndoo kichwani husawazisha mzigo kwa miondoko midogo ya kiuno, na miondoko hiyo ndiyo kifaa kinachoizuia. Mwacheni asibebe kichwani wiki za mwanzo. Baadaye muulize mtaalamu wa mazoezi tiba kabla ya kuanza tena, na aanze na kiasi kidogo. Sababu ni kumkinga asianguke. Ndoo yenyewe haipindi mgongo.

Kuhusu njia. Kutazama chini karibu na miguu ni kugumu akiwa na kifaa. Kwenye makorongo, mawe na vijia vya mlimani, hasa mvua inaponyesha au giza likiingia, ashike fimbo au mkono wa mwenzake. Viatu vya kufunga ni bora kuliko ndala. Fimbo hiyo hufanya kazi kama kidole kwenye ukuta: haimshikilii sana, lakini inaupa ubongo habari.

Kuhusu kuinama. Afundishwe kuchuchumaa kwa kukunja magoti na nyonga badala ya kiuno. Choo cha shimo kina ugumu wake. Wekeni mahali pa kushika ukutani, au akivue akiwa chooni kama mtaalamu ameruhusu.

Kuhusu chakula. Tumbo limebanwa, kwa hiyo ale kidogo kidogo mara nyingi. Makande sahani nzima kwa mara moja yatamletea kiungulia.

Kwa kawaida mtoto haanzi na saa zote siku ya kwanza. Huanza na saa chache na kuongeza kila siku, hadi afike zile alizoandikiwa, ambazo mara nyingi ni 18 au zaidi, usiku ukiwemo. Fuata ratiba ya mtaalamu wako.

Akikivua anasema anaanguka

Hili huwatisha wazazi wengi. Kijana anafungua mikanda, anasimama, na anasema kiwiliwili kinakuwa chepesi au kinayumba. Kwa saa nyingi ubongo ulikuwa unapokea habari kutoka kwenye ganda gumu. Ghafla habari hiyo haipo, na misuli inabidi ishike kazi yote. Aketi kitandani dakika mbili, asimame taratibu akigusa ukuta, kisha aanze kutembea. Kuyumba huku kunatakiwa kuisha kwa dakika chache, na kupungua kadiri wiki zinavyopita.

Misuli inahitaji kufanya kazi ili isilegee. Saa za kuvua kifaa zitumike vizuri: kuoga, kukagua ngozi, kisha mazoezi aliyofundishwa. Haya ni rahisi kwa vijana wengi, ukipata idhini ya mtaalamu:

- Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, sekunde 20 kila mguu, kwanza macho wazi. Akizoea, afumbe macho, na wewe uwe pembeni yake.
- Kutembea pekupeku kwenye mstari uliochorwa chini, kisigino kwa vidole, sehemu safi isiyo na miiba. Nyayo wazi huhisi ardhi vizuri zaidi.
- Kusimama mbele ya kioo na kujaribu kuyalinganisha mabega, kisha kufumba macho, kujinyoosha kwa hisia tu, na kufumbua kuona kama yamelingana.

Michezo haijakatazwa. Kijana anaweza kukimbia, kucheza mpira wa pete au soka katika saa ambazo daktari amemruhusu kukivua.

Mpeleke hospitali haraka ukiona haya

Nenda siku hiyohiyo, usingoje kliniki:

- miguu inakosa nguvu, inakuwa mizito, au anajikwaa zaidi kila siku;
- ganzi katikati ya mapaja au sehemu za siri;
- mkojo au choo kinatoka bila kujijua, au mkojo hautoki;
- anapumua kwa shida hata kifaa kikilegezwa.

Mpeleke ndani ya siku chache:

- maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku;
- homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au kikohozi kisichoisha. Kifua kikuu hushambulia hata mifupa ya mgongo na huupinda, na tiba yake ni dawa;
- ganzi ya paja au mkono inayorudi kila siku, au kidonda chini ya kifaa;
- kuyumba ambako kunaongezeka badala ya kupungua.

Pa kupata msaada

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, omba mtoto akaguliwe akiwa ameinama, na uombe barua ya rufaa. Kwa mkoa wa Kilimanjaro, hospitali kubwa ya rufaa ni KCMC, Moshi. Hapohapo kuna chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Walioko Dar es Salaam huhudumiwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na katika hospitali ya CCBRT.

Uliza gharama zote kabla hamjapimwa: kifaa, picha, na marekebisho. Mtoto anakua, kwa hiyo kifaa kitahitaji kurekebishwa na huenda kubadilishwa. Kama gharama zinakushinda, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaondoka. Nenda na fulana ya pamba, picha za awali, na daftari lenye saa anazovaa na mambo uliyoyaona kwenye ngozi.

Maswali ambayo walezi huuliza

Je, kifaa kitaharibu neva zake? Kifaa kilichotengenezwa vizuri na kinachokaguliwa hakitarajiwi kuharibu neva. Ganzi ikitokea na ikashughulikiwa mapema, kwa kawaida hupona.

Je, naweza kununua mkanda wa mgongo dukani badala yake? Hapana. Mkanda laini wa watu wenye maumivu ya kiuno hauzuii mpindo usiongezeke. Kifaa hiki hutengenezwa kwa vipimo vya mtoto mwenyewe.

Je, akandwe au anyooshwe mgongo kwa nguvu? Hapana. Kunyoosha kwa nguvu hakurudishi pingili mahali pake, na kunaweza kumuumiza.

Je, ataweza kuzaa? Skoliosisi ya ujana peke yake haimzuii msichana kupata mimba wala kujifungua. Akiwa mjamzito, amweleze mkunga na daktari mapema.

Nimwambie nini mwalimu? Mwambie mtoto ana kifaa cha matibabu, haambukizi mtu, na akili yake haina shida. Omba akae kiti chenye egemeo, aruhusiwe kusimama kidogo kati ya vipindi, apate mahali pa faragha pa kubadilisha fulana, na asipewe adhabu za kuinama au kubeba mizigo.

Akikataa kukivaa? Kabla ya kumgombeza, muulize ni wapi panapouma, panapokufa ganzi, au ni lini aliyumba watu wakamcheka. Mara nyingi sababu inarekebishika: ukingo wa kupunguzwa, fulana ya kubadilishwa, au rafiki wa kutembea naye kwenda shule. Anayehisi kifaa ni yeye, wewe unakiona kwa nje tu. Akikueleza na ukamsikiliza, saa za kuvaa zitaongezeka zenyewe.